Uwanja Usio na Ngoma: Mbwa Msikivu na Utulivu wa Uzeeni

Jioni ikiingia Nyahanga, kata ya mji wa Kahama, kelele hazikomi. Zinapokezana zamu tu. Lori la mpunga likizima injini, bodaboda wanaanza kupishana. Fundi wa kuchomelea akifunga banda, spika za baa zinafunguliwa. Mji huu umekuzwa na mpunga, ng'ombe na dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza kutoa dhahabu kwa mitambo mikubwa mwaka 2001, Buzwagi ukafuata mwaka 2009 na kusimamisha uzalishaji mwaka 2021. Watu wakaja, wakajenga, wengine wakahama tena kufuata mashimo mapya upande wa Geita.

Katikati ya pilika hizo, mchukue mzee mmoja, mfano wa wengi. Amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Simu yake haiiti kama zamani. Wenzake aliokuwa akikaa nao kila jioni, baadhi wamefuata watoto mijini, baadhi wametangulia mbele ya haki. Miguuni pake amelala mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Mzee anasema kwa sauti ya chini, "Subiri." Anainuka, anatembea polepole mpaka kwenye mwembe, anageuka. Mbwa hajasogea. "Njoo." Mbwa anakuja moja kwa moja, anakaa mbele yake, anamtazama usoni.

Kitendo hicho kidogo kina historia ndefu. Leo hii, katika nchi za Ulaya na Marekani, watu huvuka mikoa na mipaka wakiwa na mbwa wao ili kufanya zoezi hilohilo mbele ya majaji, kwa alama na vyeti. Huitwa mashindano ya utiifu wa mbwa. Wengi wanaoyapenda ni watu wa makamo na wastaafu, waliokwisha kulea watoto na kuacha ofisi. Makala haya yanafuatilia jinsi mambo hayo mawili, utulivu wa uzeeni na mbwa aliyefundika, yalivyokutana mara nyingi katika historia ya dunia, na kwa nini yanaweza kukutana tena hapa Nyahanga.

Kiswahili kinatupa mwanga tangu mwanzo. Mtoto mtiifu tunamwita msikivu. Anayekaidi tunasema hasikii, ingawa masikio yake ni mazima. Asiyesikia la mkuu, wahenga walisema, huvunjika guu. Kwetu basi, kutii na kusikia ni jambo moja, na kusikia hakukamiliki bila wa pili: mmoja anasema kwa namna inayosikika, mwingine anapokea.

Jina fupi

Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kuishi na binadamu. Kabla ya ng'ombe, kabla ya mbuzi, kabla ya shamba lolote, alikwisha kulala karibu na moto wa wawindaji. Huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, ulifukuliwa mfupa wa taya la mbwa aliyezikwa pamoja na mwanamume na mwanamke zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Katika Afrika, Misri ndiyo iliyotuachia kumbukumbu za mapema na zilizo wazi zaidi. Mfalme Intef wa Pili, aliyetawala Thebes yapata miaka 2,100 kabla ya Kristo, alichongewa jiwe la kaburi akiwa pamoja na mbwa wake, na majina yao yakaandikwa kando yao. Mfalme huyo alitawala takribani nusu karne, akafa mzee. Katika vyote alivyoweza kuagiza vichongwe, aliagiza na mbwa wanaomjua kwa sauti.

Wagiriki na Warumi waliandika kuhusu kufundisha. Xenophon, mwanajeshi wa Athens, alipigana vita mbali hadi Uajemi, kisha akaishi miaka mingi katika shamba lake huko Skillous, karibu na Olympia. Alikwisha kuacha kambi na kelele za majeshi. Akawinda, akafuga, akaandika. Kitabu chake kuhusu uwindaji kinatoa orodha ya majina zaidi ya arobaini yanayofaa mbwa, na sharti lake ni moja: jina liwe fupi, lisikike upesi. Karne nne baadaye Columella, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya kilimo, alisisitiza vilevile kwamba jina la mbwa lisizidi mno urefu, ili akiitwa asikie mara moja.

Tazama sasa mitaa yetu. Simba. Chui. Bobi. Popi. Tomi. Hakuna mfugaji wa Kahama aliyesoma Columella, lakini kila mmoja amefika palepale, kwenye silabi mbili. Sikio la mbwa limewafundisha watu wa zama zote somo lilelile, na somo lenyewe linaanza kwa binadamu kupunguza maneno.

Moto wa jioni

Katika Usukuma na Unyamwezi, uzee haukuwa upweke. Ulikuwa na mahali pake, napo ni shikome, moto wa jioni uani, karibu na zizi. Hapo wazee, banamhala, walikaa wakaota moto. Vijana wakasikiliza habari za ukoo, za mvua, za mashauri ya mifugo. Mbwa naye alikuwa na nafasi hapo, nje kidogo ya duara la watu, mgongo kwenye joto, pua kwenye giza. Mchana alifuata ng'ombe na wawindaji, usiku akalinda zizi.

Wasukuma vilevile ni watu wa mashindano. Katika karne ya 19 waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, walishindana kwa dawa na ngoma, na wafuasi wao wakawa makundi mawili, Bagika na Bagalu, ambayo hadi leo hukabiliana uwanjani baada ya mavuno. Mizani ya ushindi ni watu: ngoma mbili hupigwa kwa wakati mmoja, na atakayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, ambako Padre David Clement alianzisha makumbusho ya utamaduni wa Kisukuma, ngoma hizo hukutana kila mwaka katika sikukuu ya Bulabo, wakati wa Ekaristi Takatifu.

Wanyama nao wameingia uwanjani. Bayeye, chama cha wataalamu wa nyoka, hucheza na chatu mbele ya umma. Banunguli, waliokuwa wakiingia mashimoni kuwinda nungunungu, walileta ujuzi wao katika ngoma. Bayege walikuwa wawindaji wa tembo. Kila chama kilikuwa na mafunzo, nyimbo na dawa zake, na kijana aliingia kwa kufuzu kwa mwalimu. Hivyo wazo la kumfundisha mtu ustadi wa kukaa na mnyama, kisha kuupima ustadi huo hadharani, si geni kwetu hata chembe. Chatu alipata uwanja wake. Mbwa, aliye karibu nasi kuliko wote, hakuupata.

Sababu naiona katika mizani yenyewe. Ngoma za Bagika na Bagalu ni mchezo wa nguvu za mwili na wingi wa watu. Vijana hutoa jasho, wazee hutunza dawa na kushauri. Goti likianza kuuma, mchezaji hurudi nyuma ya duara. Kazi ya mbwa haivuti umati kwa namna hiyo. Haina ngoma, na mshangilio ndani yake ni kikwazo, maana mbwa husikia kelele zote kabla hajasikia neno lako. Ulihitajika uwanja wa aina nyingine.

Njia za misafara

Karne hiyohiyo ya 19 ilileta mbwa wa mbali katika ardhi hii. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipoondoka Uingereza mwaka 1874 kwa safari yake ya kuzunguka Ziwa Nyanza na kushuka mto Kongo, alichukua mbwa watano. Joto, maradhi na urefu wa njia viliwamaliza mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho, bulldogi aliyeitwa Bull, alifia katika ukanda huu mwaka 1876, muda mfupi kabla Stanley hajakutana na mtemi Mirambo huko Serombo na kuchanjiana naye damu ya udugu. Bull alikuwa ametembea nchi kavu mamia na mamia ya maili nyuma ya mtu mmoja.

Mbwa wa wenyeji waliishi palepale ambapo Bull hakuweza. Miili yao ilikwisha kuzoea jua, kupe na mbung'o kwa vizazi vingi. Mgeni akiwaona wembamba na wakimya huwadharau. Msafara uliopita kijijini usiku ulijua thamani yao kabla haujafika mlangoni.

Pwani kulikuwa na mashauri mengine. Waislamu wa madhehebu ya Shafi, walio wengi katika pwani ya Waswahili, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na nyumba nyingi hazimruhusu kuingia ndani. Hata hivyo Kurani, katika Sura ya Tano, inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa kuwinda, nayo inataja mafunzo hayo kuwa ni sehemu ya elimu ambayo Mungu amewapa watu. Katika Sura ya Pango, mbwa amenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni pa vijana waliolala, na anahesabiwa pamoja nao. Katika jangwa la Arabuni, Wabedui walifuga mbwa wa mbio waitwao saluki kwa heshima waliyowanyima mbwa wengine. Sheria ya dini yenyewe ilitambua kwamba mbwa aliyefunzwa ana hadhi yake.

Kutoka kambini hadi bustanini

Mashindano ya utiifu kama tunavyoyajua yalizaliwa Ulaya na Marekani, na chimbuko lake ni kazi ya askari. Mwaka 1899 Max von Stephanitz, ofisa wa wapanda farasi aliyeacha jeshi la Ujerumani, alianzisha chama cha mbwa mchungaji wa Kijerumani. Aliona viwanda vinachukua nafasi ya malisho, akaogopa kwamba mbwa mwenye akili ya kuchunga kondoo atakosa kazi. Akamtafutia kazi mpya, polisi na jeshini, akaweka mitihani ya kumpima. Mwaka 1910 Konrad Most, aliyefundisha mbwa wa polisi, alichapisha mwongozo wa mafunzo. Mbinu zake zilikuwa kali. Mnyororo ulivutwa kwa nguvu na adhabu ilifuata kosa. Lakini tayari aliandika kwamba mbwa haelewi maadili ya binadamu, anachoelewa ni kinachofuata baada ya tendo lake.

Vita Kuu ya Kwanza ikapofusha maelfu ya vijana kwa gesi na mabomu. Mwaka 1916, huko Oldenburg, Ujerumani, ikafunguliwa shule ya kwanza ya kufundisha mbwa wa kuongoza vipofu. Hapo maana ya utiifu ilipata kina kipya. Mbwa wa kipofu hufundishwa kutii, kisha hufundishwa kukataa. Akiambiwa "twende" na gari linakuja, hasogei. Huyo ndiye mbwa aliyefundika kweli: amemsikia bwana wake, na amesikia na barabara.

Mwanamke mmoja wa Marekani ndiye aliyeutoa ustadi huo mikononi mwa askari na kuukabidhi kwa raia. Helene Whitehouse Walker alifuga mbwa aina ya poodle, na alichoshwa na watu waliowaona kuwa mapambo ya sebuleni. Oktoba 1933 aliandaa jaribio katika shamba la familia huko Mount Kisco, jimbo la New York. Mbwa wanane walishiriki. Miaka mitatu baadaye, 1936, American Kennel Club ikakubali kanuni rasmi. Mwaka 1937 Walker na mwenzake Blanche Saunders wakafunga gari lenye tela, wakapakia mbwa wao, wakasafiri nchi nzima kuwaonyesha watu kwamba mbwa yeyote anaweza kufundika.

Kanuni walizoziweka bado zinaongoza. Mtu na mbwa wake huingia uwanjani peke yao. Mbwa hutembea ubavuni bila kuvuta, hukaa mtu anaposimama, hubaki mahali pake akiachwa, huja akiitwa. Katika ngazi za juu huleta kitu kilichotupwa, huruka kiunzi, huchagua kwa pua kitu chenye harufu ya mwenzake kati ya vingi vinavyofanana. Kwa hesabu ya Marekani, alama kamili ni 200. Kufuzu ni kupata 170 na zaidi, tena zaidi ya nusu ya alama za kila zoezi, na ili kupata cheti cha kwanza lazima ufuzu mara tatu mbele ya majaji tofauti. Cheti hicho huitwa cha mbwa mwenza. Huwezi kukipata kwa bahati ya siku moja.

Mchezo huo haudai mbio wala misuli, na mchezaji hashindani na umri wa jirani yake. Mwenye miaka 70 na mwenye miaka 20 huingia uwanja mmoja kwa kanuni moja, na wa kwanza anaweza kumshinda wa pili, kwa sababu mkono wake hautetemeki kwa pupa na sauti yake haipandi. Kwa walio wengi wa umri huo, klabu ya mbwa ndiyo iliyobaki kuwa baraza. Hawakutani kila siku. Hukutana asubuhi moja kwa wiki, wakafanya mazoezi, wakanywa kahawa, wakarudi nyumbani kila mtu na mwenzake wa miguu minne. Maisha yao ya kijamii yamepungua kelele, hayajapungua maana.

Ndizi ya Morogoro

Ukali wa Konrad Most haukudumu. Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, alikwisha kuonyesha kwamba mbwa hutokwa mate kwa ishara inayotangulia chakula. Mwaka 1951 B. F. Skinner aliwaeleza wasomaji wa gazeti la sayansi jinsi ya kufundisha mnyama kwa mlio mfupi unaofuatwa na tunzo. Fimbo ikaanza kuwekwa chini. Badala ya kungoja kosa na kuadhibu, mwalimu hungoja jema na kulipa.

Mbinu hiyo ina makao Tanzania. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Panya akipatia, husikia mlio wa "klik," akapewa kipande cha ndizi. Magawa, aliyezaliwa Morogoro, alifanya kazi Kambodia miaka mitano, akagundua zaidi ya mabomu mia moja, na mwaka 2020 akawa panya wa kwanza kupewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA. Mwaka 2021 alistaafu. Waliomtunza walimpa miezi yake ya mwisho kwa mapumziko na ndizi, akafa Januari 2022. Walijua kwamba aliyetumika kwa utii ana haki ya uzee wenye utulivu.

Mbwa nao wapo kazini. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. African Wildlife Foundation imewafundisha mbwa na askari wao karibu na Arusha kunusa pembe za ndovu bandarini na katika viwanja vya ndege, Tanzania na Kenya. Katika ukanda wetu wa dhahabu, mbwa wa ulinzi hutembea na walinzi kwenye uzio wa migodi na maghala. Nairobi, East Africa Kennel Club imeandaa maonyesho ya mbwa tangu enzi za ukoloni. Kwa hiyo ujuzi upo, walimu wapo, na lugha ya kufundishia, Kiswahili, ndiyo ambayo mbwa wengi wa Afrika Mashariki wanaisikia kila siku. Ambaye bado hajaalikwa ni raia wa kawaida, na kati ya raia, mzee.

Uzee wa leo

Na mzee wa leo anahitaji mwaliko. Shikome umezimika katika nyumba nyingi za mjini. Kiwanja cha futi chache hakina zizi, na vijana jioni wako kwenye simu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na ilitaka jamii imtumie kama hazina. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mtu aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, mfano wa heshima kwa bara zima. Kolandoto, Shinyanga, kuna makazi ya wazee wasio na wa kuwatunza. Haya yote ni mema. Lakini chakula na dawa havijibu swali la jioni: mzee huyu anangojewa na nani?

Usukuma ina jeraha linalolifanya swali hilo kuwa zito. Kwa miongo mingi wanawake wazee waliokaa peke yao wameshukiwa uchawi, na wengi wameuawa, mara nyingine kwa kigezo cha macho mekundu. Macho hayo yalifanywa mekundu na moshi wa kuni wa maisha mazima ya kupikia wengine. Ukimya wa nyumba ya bibi uligeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Hatuwezi kuzungumzia utulivu wa uzeeni hapa bila kusema hilo. Utulivu ni neema pale tu jamii inapojua kilichomo ndani yake.

Bibi anayeonekana kila Jumamosi asubuhi uwanjani, mbwa ubavuni, mjukuu akimshikia kamba, hawezi kugeuzwa kuwa kivuli cha kutisha. Watoto wanajua jina la mbwa wake. Majirani wanajua saa yake ya kupita. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mtu na mbwa wake wakitazamana kwa muda, homoni ya oksitosini, ileile inayomfunga mama na mtoto mchanga, hupanda kwa wote wawili. Wahenga wasingehitaji maabara kutuambia. Mbwa anapomtazama mzee akingojea neno, mzee naye ana wa kumngojea.

Siku tatu za Nyahanga

Kalenda imetupangia nafasi ambayo hatujaitumia. Tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Louis Pasteur mwaka 1895, ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani. Kutoka ya kwanza hadi ya pili ni siku tatu tu. Kichaa cha mbwa bado kinaua Tanzania, na karibu kila mgonjwa ameumwa na mbwa. Wataalamu wanasema tukiwachanja mbwa asilimia 70 kila mahali, mnyororo wa ugonjwa unakatika. Tatizo la siku ya chanjo kila mtu wa mtaani analijua: mbwa hashikiki. Anavuta, anauma, anakimbia, na wengi wanaoletwa huletwa na watoto wasioweza kuwatuliza.

Hapo mzee ana la kutufundisha. Mbwa aliyezoea kukaa na kusubiri huchanjwa kwa dakika moja. Asubuhi moja katika siku hizo tatu, kwenye uwanja wa shule, mganga wa mifugo aweke meza yake. Mchana, uwanja uleule uchorwe chokaa. Wazee wa Nyahanga, na wa Majengo, Nyasubi na Zongomera wakipenda, waingie mmoja mmoja na mbwa wa kienyeji wenye masikio yaliyochanika. Kutembea ubavuni. Kukaa. Kulala. Kusubiri mpaka mtu afike kwenye mti. Kuja akiitwa. Hakuna haja ya mbwa wa bei wala vifaa vya duka. Kamba ya katani inatosha, na kipande cha dagaa kwa tunzo. Majaji wawe askari wa mbwa waliostaafu, wapo, na wana mengi ambayo hawajaulizwa.

Jambo moja litakuwa geni kwa umati wa Usukuma: kushangilia kutangoja. Bagika na Bagalu wametufundisha kwamba mshindi ni yule anayevuta watu kwa sauti. Siku hiyo watu watajifunza kuvutwa na ukimya, kushusha pumzi pamoja, kutazama umbali kati ya mzee na mbwa wake na kusikia jinsi neno moja linavyouvuka.

Kisha mzee atageuka pale penye mti. Ataangalia nyuma, aone mbwa hajasogea. Intef aliliona hilo, na Xenophon katika shamba lake, na wazee wengi wa shikome ambao majina yao hayakuchongwa popote. Atasema, "Njoo." Baada ya hapo, watu wa Nyahanga, pigeni vigelegele.